Kutoka Kinder Scout hadi Glen Tilt: nani ajieleze, mpita njia au mwenye ardhi?

Jumamosi: Hayfield, Kinder, Edale

Machimbo ya mawe ya Bowden Bridge, nje kidogo ya kijiji cha Hayfield huko Derbyshire, siku hizi ni maegesho ya magari. Kwenye mwamba pana kibao cha kumbukumbu. Hapa ndipo walipokusanyika, tarehe 24 Aprili 1932, vijana waliokusudia kuingia mlima wa Kinder Scout kwa pamoja, mchana kweupe, bila idhini ya wenyewe. Wengi walikuwa wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani. Aliyepanda juu ya jiwe kuwahutubia, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20.

Shemeji yangu anaishi Manchester na milima hii anaijua. Tumekubaliana tuanzie hapa, kisha tupande kaskazini hadi Uskoti, kwa sababu Uingereza (yaani England peke yake) na Uskoti ziko chini ya mfalme mmoja lakini sheria zao za kupita kwenye ardhi ya mtu zinatazama pande mbili tofauti. Nimesoma mengi juu ya jambo hili. Nataka sasa nilione kwa miguu.

Tulipita kando ya bwawa la Kinder, tukaingia bonde jembamba liitwalo William Clough. Njia yenyewe ni ya umma tangu 1897. Chama cha kulinda njia za miguu kilichoundwa miaka mitatu kabla yake ndicho kilichoifungua, kwa mazungumzo na wenye ardhi. Kwa hiyo vijana wa 1932 walipofika bondeni humu hawakuwa wamevunja chochote. Kosa lilianza pale walipoiacha njia na kupanda mteremko upande wao wa kulia, ambako walinzi wa uwanja wa kuwindia walikuwa wakiwasubiri na fimbo.

Nilisimama mahali hapo nikatazama chini. Njia ni ya changarawe na mawe, upana wake watu wawili wakibanana. Pembeni nyasi ngumu na udongo mweusi wa mboji unaobonyea ukiukanyaga. Hatua tatu kutoka kwenye mawe hadi kwenye nyasi, basi. Kwa hatua hizo watu walipigana, sita wakakamatwa, na watano wakafungwa kati ya miezi 2 na 6. Rothman alipewa miezi 4. Nyasi zile zilikuwa zikihifadhiwa kwa ajili ya ndege wa jamii ya kwale, ambao wenye mlima na wageni wao walikuja kuwapiga risasi msimu ukifika, na muda uliobaki mlima ulikaa na walinzi wake.

Jambo ambalo wengi hawalijui: hakuna hata mmoja aliyefungwa kwa kosa la kuingia ardhi ya mtu. Haikuwezekana. Katika sheria ya Uingereza kuingia ardhi ya mtu bila idhini ni kosa la madai. Mwenye ardhi anaweza kukuambia uondoke, na ukigoma anaweza kukushtaki umlipe hasara, lakini polisi hawana la kukufunga pingu kwa hilo pekee. Mashtaka yalikuwa ya kufanya fujo, kukusanyika kinyume cha sheria na kushambulia. Vile vibao vinavyotangaza kwamba wanaoingia watashtakiwa kwa jinai vimewatisha watu vizazi na vizazi, na sehemu kubwa ya maneno yake hayana mguu wa kusimamia.

Juu upepo ulikuwa mkali. Maporomoko ya Kinder Downfall yana tabia ya ajabu: upepo wa magharibi ukishika, maji yanarudishwa juu yakiwa manyunyu, hata anayetembea ukingoni analowa bila mvua. Tulilowa. Shemeji alifurahi kama mtoto.

Siku hizi huku juu unatembea utakako. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1949, Peak District, eneo lenye mlima huu, ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1951, na mlima wenyewe uko mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, tangu 1982. Mwaka 2002, kwenye maadhimisho ya miaka 70, Duke wa Devonshire wa wakati huo, kabaila ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa wenye mlima, aliomba radhi hadharani kwa kile familia yake ilichofanya. Lakini haki ya kuiacha njia ilikuja na sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu Uingereza nzima mwaka 2005. Inahusu milima, nyika, vilima vya chokaa na ardhi za jumuiya zilizosajiliwa, na kwenye ramani za Ordnance Survey, taasisi ya taifa ya ramani, maeneo hayo yamepakwa manjano hafifu. Ni takriban asilimia 8 ya Uingereza.

Tena ni haki yenye masharti. Ni ya miguu tu: baiskeli hapana, farasi hapana, hema hapana. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai mbwa afungwe kamba isiyozidi mita 2, kwa ajili ya ndege wanaotaga chini na kondoo wenye watoto. Ukivunja masharti unageuka papo hapo kuwa mtu aliyeingia bila idhini, na unapoteza haki ya kuingia ardhi ya mwenyewe huyo kwa saa 72.

Tukashuka kwa Jacob's Ladder hadi Edale jua likielekea kuzama.

Jumapili: mashamba ya bondeni

Leo hakuna mlima. Tumetembea bondeni, malisho kwa malisho, ukuta kwa ukuta, tukifuata mishale. Wa manjano ni njia ya miguu. Wa buluu ni njia ya miguu, farasi na baiskeli. Ipo ya zambarau na nyekundu pia, kwa vyombo vingine. Njia za namna hii, Uingereza na Wales kwa pamoja, zina urefu wa takriban kilomita 225,000, na kila moja inatakiwa iwe imechorwa kwenye ramani rasmi inayotunzwa na halmashauri. Inapita katikati ya shamba la mtu, wakati mwingine chini ya dirisha lake la jikoni, na hawezi kuifunga. Ameinunua ardhi na njia ikiwa juu yake.

Niliyapenda haya kuliko nilivyotarajia. Unafika kwenye ukuta wa mawe yasiyo na saruji, unakuta mawe matatu marefu yametokeza ubavuni kama vipandio. Unapanda, unavuka, unashuka upande wa pili. Mawe yamelika katikati kwa miguu ya watu. Yule aliyejenga ukuta kumzuia kondoo alijua mtu lazima apite, akamwekea ngazi humo humo.

Mahali pamoja (sitapataja) tulikuta geti lenye kibao kipya: eneo binafsi, hakuna kuingia. Ramani ya shemeji ilionyesha vitone vya kijani vikipita hapo hapo. Tukazunguka nguzo, tukapekua majani yaliyoitambaa, na mshale wa manjano ukaonekana chini yake, rangi imefifia.

"Tunapita, shemeji?" nikamuuliza.

"Tunapita. Tena taratibu, na geti tunalifunga. Kibao hiki ndicho kilichovunja sheria."

Na ni kweli. Sheria ya 1949 inakataza kuweka tangazo la uongo au la kupotosha litakalomfanya mtu aogope kutumia njia ya umma. Lakini nani anaijua? Mama mwenye watoto wawili akifika hapa atageuka, na hatajua kamwe kwamba amenyimwa haki yake. Nilikasirika, nakiri, na hasira hiyo sijaona sababu ya kuiacha. Geti lililofungwa kwa kufuli unaweza kuligombea. Kibao cha uongo kinamrudisha mtu nyumbani akidhani yeye ndiye mkosaji.

Mbele zaidi tulimkuta mzee anatengeneza ukuta ulioporomoka. Tukamwamkia, tukamsifu kwa kazi yake, akaacha nyundo akazungumza nasi. Hana ugomvi na wapita njia, alisema; baba yake alipitwa na watu hapa na yeye anapitwa. Kinachomuumiza ni mbwa. Alituonyesha kwa mikono jinsi alivyomkuta mwanakondoo ameraruliwa, na jike wengine wawili wametupa mimba kwa kukimbizwa tu, bila kuguswa. Halafu mageti: mtu analikuta limefungwa analiacha wazi, na mchana mzima anahangaika kutenganisha kondoo wake na wa jirani.

"Wewe unapita dakika kumi," aliniambia. "Mimi nabaki."

Alituonya pia kuhusu ng'ombe wenye ndama kwenye malisho yanayofuata. Watu wamewahi kuuawa na ng'ombe kwenye njia za umma nchini humu, wengi wakiwa na mbwa, kwa sababu mama mwenye ndama humwona mbwa kama mbwa mwitu. Ushauri ni kwamba wakikujia mbio, mwachie mbwa kamba akimbie mwenyewe, nawe utoke. Hatukuwa na mbwa. Tulipita mbali nao, tukiwaacha waone tunakokwenda, na hawakuacha kula.

Jumatatu: ngano ya Lincolnshire

Hapa ndipo nilipoelewa udogo wa ile asilimia 8. Tulichukua treni kutoka Sheffield hadi Lincoln, tukatembea kaskazini mwa mji kwenye nchi tambarare ya ngano na kanola. Kwenye ramani manjano imetoweka kabisa. Hakuna mlima, hakuna nyika, kwa hiyo hakuna haki ya kutangatanga. Umebaki na uzi wa njia. Uzi ukikatika huna kitu.

Na ulikatika. Mshale unaelekeza katikati ya shamba, lakini mbele ni ngano ya kufika magotini, imesimama bila hata alama ya mahali pa kupita. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 iko wazi. Mkulima anaruhusiwa kulima njia inayokatiza shamba kama hawezi kuiepuka kwa urahisi, lakini ndani ya siku 14 tangu alipoitifua kwa ajili ya mazao hayo airudishe, ardhi ishindiliwe na mstari uonekane, na asiache mazao yamee ndani ya ule upana, ambao kwa njia ya miguu ni angalau mita 1. Njia inayofuata ukingo wa shamba haruhusiwi kuigusa kabisa.

Tulisimama muda mrefu. Kisheria tulikuwa na haki ya kupita moja kwa moja ndani ya ngano kwa mstari ule ule wa njia. Lakini mkono wa mtu aliyelelewa na wakulima unasita. Chakula ni chakula. Shemeji alipima dira na kisha tukatumia mikondo miwili iliyoachwa na matairi ya trekta ya dawa, ambayo ilikwenda karibu na mstari wetu, na kwa sehemu iliyobaki tukapita mmoja nyuma ya mwingine. Masuke hayajatoka bado. Majani yalikuwa na umande na suruali zililowa hadi mapajani. Nyuma yetu ukaonekana mstari mwembamba wa kijani kilichokolea. Tukapiga picha pande zote mbili za shamba, na shemeji akaandika namba za ramani.

Njiani alinieleza jambo la miaka 20. Umma ukitumia njia miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kuomba ruhusa, sheria inachukulia kwamba mwenye ardhi ameitoa iwe ya umma, isipokuwa kama alionyesha wazi kwamba hakukusudia hivyo. Ndiyo maana wamiliki wengine hufunga geti siku moja kila mwaka: ile siku moja inakata mfululizo. Na njia ikishakuwa ya umma haifi kwa kutotumiwa. Mahakama za Uingereza zimelishikilia hilo tangu zamani. Hata ile yenye ngano juu yake ingali hai.

Usiku nililala vibaya nikiwaza juu ya kitu kimoja. Sheria yote ya Uingereza, nzuri na mbaya, imejengwa juu ya dhana kwamba mgeni ni wewe. Onyesha mstari. Onyesha rangi kwenye ramani. Onyesha ushahidi wa miaka 20. Ukishindwa kuonyesha, uko mahali usipotakiwa, hata kama hujadhuru jani.

Jumanne

Treni hadi Newcastle. Mvua. Kununua mafuta ya jiko na kuangalia tena hema.

Jumatano: Byrness hadi mpakani

Sehemu ya mwisho ya Pennine Way, njia ndefu ya miguu. Njia hii inaanzia Edale, tulikolala Jumamosi, na inakwisha Kirk Yetholm, upande wa Uskoti, baada ya kilomita zaidi ya 400. Mwandishi wa habari Tom Stephenson aliipendekeza mwaka 1935, miaka mitatu baada ya Kinder, na ilifunguliwa rasmi 1965. Miaka 30 ya kuzungumza na wenye ardhi mmoja mmoja.

Kutoka Byrness unapanda kwa shida ndani ya msitu wa kupandwa, kisha unatokea kwenye mgongo wa milima ya Cheviot na hakuna tena nyumba. Upande wa kulia ni uwanja wa mazoezi ya jeshi wa Otterburn. Mabango yanaonya juu ya mabomu ambayo hayajalipuka, na bendera nyekundu zikipandishwa usivuke. Kwenye ardhi kama hii ile hadithi ya kosa la madai haina nafasi. Ukikiuka amri za uwanja ni jinai kweli, kama ilivyo kwenye reli. Hapo hapo, Chew Green, pana mabaki ya kambi za Warumi, matuta ya nyasi yenye pembe nne, na barabara yao ya Dere Street ingali inapanda mlima. Watu wameipita karibu miaka elfu mbili.

Baada ya hapo njia inafuata uzio wa mpaka. Ni uzio wa nguzo na waya, wa kawaida, kama wa shamba lolote. Kulia Uingereza, kushoto Uskoti.

Jioni tulipita kilele cha Windy Gyle, mita 619, tukaanza kutafuta pa kulala. Upande wa Uingereza tusingeweza bila ruhusa ya mwenye ardhi. Haki ya kulala porini Uingereza imebaki mahali pamoja tu, Dartmoor, kusini magharibi, kwa sheria yake ya mwaka 1985, na hata hiyo iliponea chupuchupu. Januari 2023 Mahakama Kuu ilisema haipo, baada ya wamiliki wa shamba kubwa kufungua kesi. Mahakama ya Rufaa ikairudisha Julai mwaka huo huo, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Majaji walikuwa wakibishana kama kulala ndani ya hema ni starehe ya nje, maana sheria ilitaja starehe ya nje bila kutaja hema. Nchi nzima ikasubiri jibu.

Sisi tulifika kwenye geti, tukalifungua, tukalifunga, tukatembea kama mita mia moja kushuka upande wa Uskoti mpaka pahali palipokingwa na upepo. Nyasi zile zile. Kondoo wenye alama za rangi tofauti mgongoni. Tukasimika hema na hatukuwa na la kujificha.

Alhamisi: Kirk Yetholm

Asubuhi nilitandaza ramani juu ya magoti. Upande wa Uingereza wa mpaka manjano imejaa. Upande wa Uskoti ni nyeupe tupu, hata njia za umma hazikuchorwa kwa vitone vile vya kijani. Mtu asiyejua angesema huku ndiko kulikofungwa. Kumbe rangi imekosa kazi: karibu ardhi yote iko wazi, kwa hiyo hakuna cha kupaka.

Bunge la Uskoti lilianza kazi mwaka 1999, na Januari 2003 lilipitisha sheria ya mageuzi ya ardhi ambayo sehemu yake ya kwanza inampa kila mtu haki ya kuwa juu ya ardhi na maji ya ndani ya nchi, na ya kupita. Kwa miguu, kwa baiskeli, kwa farasi, kwa mtumbwi. Kulala kwa hema pia, mkiwa wachache, siku mbili tatu mahali pamoja, bila kuacha alama. Ilianza kutumika Februari 2005 pamoja na mwongozo wake. Gari na pikipiki hazimo, wala kuwinda na kuvua samaki. Na haki ipo tu mradi uitumie kwa kuwajibika.

Kisha sheria ikaorodhesha pasipoguswa: majengo, eneo la kuzunguka nyumba linalotosha wenyewe kuishi kwa faragha, viwanja vya shule, ardhi yenye mazao yaliyopandwa. Shamba la ngano usikanyage, lakini ukingo wake usiolimwa pita. Ningependa kumwonyesha mzee wa ukuta orodha hii. Nadhani angekubali zaidi ya nusu, kisha angeuliza habari za mbwa, na jibu lipo: mwongozo unataka usiingie na mbwa wako kwenye malisho yenye wanakondoo au ndama.

Tofauti niliyoitafuta ndiyo hii. Huku anayetakiwa kujieleza ni yule anayefunga. Aseme: hapa ninalala, hapa nimepanda, hapa ninakata miti wiki hii. Akiwa na sababu ya kweli, wewe mpita njia unazunguka. Asipokuwa nayo, uzio wake hauna maana.

Njia ya kushuka Kirk Yetholm ni ndefu na miguu ilikuwa inauma. Tulikula kama watu waliofungua mfungo.

Ijumaa: treni hadi Blair Atholl

Basi hadi Kelso, basi hadi Edinburgh, treni kaskazini. Tulipofika Perth shemeji alinikumbusha kwamba mambo huku nako hayakunyooka yote. Mwaka 2007 mwenye kasri la Kinfauns, karibu na mji huo, alikwenda mahakamani kutetea uzio mrefu aliouzungushia ekari zake, akashinda. Jaji alikubali kwamba nyumba ya namna ile inahitaji faragha kubwa. Kwa hiyo nyumba ikiwa kubwa, faragha nayo inakuwa kubwa. Sioni vizuri haki iko wapi hapo. Anayeishi kwenye nyumba ya vyumba viwili anaona aibu ile ile akichunguliwa dirishani.

Na kando ya ziwa la Loch Lomond, tangu 2017, kulala kwa hema kuanzia Machi hadi Septemba kunahitaji kibali kwenye sehemu kubwa ya fukwe, kwa sababu watu walikata miti mibichi kwa moto na kuacha mahema na takataka. Wengi waliotembea kwa adabu wanalipa kwa ajili ya wale. Naelewa sababu, na bado inaniuma.

Jumamosi: Glen Tilt

Bonde refu, lililonyooka kama limechorwa kwa rula, mto wa Tilt chini na barabara ya changarawe pembeni. Ardhi ni ya shamba kubwa la kuwindia kulungu. Mwezi huu wa Mei hakuna pilikapilika za uwindaji. Msimu ukifika wenye shamba huweka tangazo la siku na upande wanaowinda, wakikuomba upite kwingine. Wanaomba, na watu wengi hukubali, maana risasi si jambo la kubishana.

Mwaka 1847 hapakuwa na kuombana. Profesa John Hutton Balfour, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikuwa akishuka bonde hili na wanafunzi wake baada ya kukusanya mimea milimani, akakutana na Duke wa Atholl mwenyewe pamoja na watumishi wake. Duke alisema bonde limefungwa. Profesa alisema njia ni ya umma. Wakabishana, na chama cha kutetea njia kilichoundwa Edinburgh miaka miwili kabla yake kikaipeleka kesi mahakamani. Njia ikabaki wazi. Tumeitembea leo siku nzima bila kuulizwa na mtu.

Kwa mwendo wa saa sita hivi kutoka Blair Atholl unafika Tarf, kijito kinachoanguka kwa kishindo ndani ya mto mkubwa. Pana daraja jembamba la waya na mbao. Mwaka 1879 kijana wa miaka 18, Francis Bedford, alizama hapa akijaribu kuvuka. Daraja lilijengwa 1886 kwa kumbukumbu yake, na waliolijenga ni chama hicho cha njia. Nilishika waya nikaangalia maji meusi yanavyozunguka chini ya mwamba. Hili lilinigusa kuliko kesi zote. Kushinda haki ya kupita kulikuwa nusu ya kazi. Mtu ilibidi alete mbao na waya hadi huku ili apitaye afike salama ng'ambo.

Tumelala juu kidogo ya daraja. Tumechagua mahali palipo mbali na maji mita thelathini, umbali ambao mwongozo unautaka mtu anapokwenda haja ndogo.

Jumapili: hadi Linn of Dee

Bonde linafunguka, barabara inakuwa kijinjia, mto mwingine unaanza kutiririka kuelekea upande wa pili. Tuliingia ardhi ya Mar Lodge, ambayo tangu 1995 iko chini ya National Trust ya Uskoti, tukapita kuta za nyumba iliyobomoka ya Bynack. Misonobari midogo inachipua kwa sababu wamepunguza kulungu. Kwenye geti moja kulikuwa na kibao, nikakinakili neno kwa neno nilivyokielewa: ndege wanatagia chini mpaka Julai, tafadhali kaa njiani na mfunge mbwa wako. Ni ombi lenye sababu na tarehe ya mwisho. Tulikaa njiani.

Linn of Dee tulipata mtu wa kutufikisha kijiji cha Braemar. Simu zikashika mtandao, na shemeji, kabla hata ya kuvua viatu, akafungua picha za Jumatatu. Uingereza jukumu la kulinda njia za umma ni la halmashauri, na sheria ya 1980 inawalazimisha kulitekeleza. Mtu yeyote anaweza kuwaandikia, hahitaji kuwa mkazi. Tukaandika pamoja: namba za ramani za mwanzo na mwisho wa shamba, tarehe, upana uliotakiwa kuachwa, na kwamba mshale upo lakini njia haipo. Nilitaka kuongeza sentensi kali kuhusu mkulima. Shemeji akaifuta.

"Hatumjui," alisema. "Huenda trekta ni la kukodi. Tunataka mita moja tu."

Tukatuma pia habari za lile geti lenye kibao cha uongo, kwa halmashauri yake. Wakijibu nitaandika hapa walichosema.